Nani Amefika Sri Pada?

"Bibi hakufika." Maneno mawili tu, yakatamkwa mezani Dar es Salaam, wali ukiwa bado unafuka, na Bibi mwenyewe ameketi palepale.

Familia ile ilikuwa imerejea kutoka Sri Lanka siku si nyingi. Mama wa nyumba alizaliwa Dar es Salaam katika jamii ndogo ya Wasinhala, ambayo imekuwa na hekalu lake la Kibuddha mjini humo kwa miaka mingi. Mumewe ni mtu wa Tanga. Walikwenda na watoto, wakafuatana na Bibi, mjane aliyekuwa anatimiza mwaka tangu afiwe na mumewe, ili watoe sadaka ya mwaka kwa watawa kwa ajili ya marehemu, kisha wapande mlima wa Sri Pada. Bibi alizipanda ngazi mpaka magoti yakakataa. Akabaki kwenye kibanda cha chai, wengine wakaendelea hadi kileleni. Rafiki wa mume, aliyetoka kumaliza kambi ya siku kumi ya tafakuri ya kimya, alisikiliza habari yote kisha akakata shauri: "Shemeji, usichukie, lakini hiyo ilikuwa likizo ya familia. Safari ya roho mtu huiendea peke yake. Na Bibi, tuseme ukweli, hakufika."

Yapo matusi yasiyo na neno chafu hata moja. Mjane amevuka bahari kwa ajili ya mume aliyemzika, amepanda gizani katika baridi ambayo hakuizoea, halafu kijana wa umri wa mwanawe anamwambia safari yake haimo hesabuni. Makala haya yanaandikwa kwa upande wa Bibi, na hayatajifanya hayana upande.

Maana ya hija haina haja ya kutuchelewesha. Ni safari ya kwenda mahali panapoaminiwa kuwa patakatifu, kwa nia ya kuirekebisha nafsi au kutimiza wajibu. Wabuddha husimulia kwamba Buddha, alipokaribia kufa, alitaja mahali pane panapofaa kuzuriwa: Lumbini alikozaliwa, Bodh Gaya alikoamka kutoka katika ujinga, Sarnath alikotoa mahubiri ya kwanza na Kushinagara alikofia. Akawataja na watakaokwenda: watawa wa kiume na wa kike, waumini wa kiume na wa kike. Inatosha. Ugumu haumo katika neno hija. Umo katika kufika. Ni kitu gani kinachomfanya mtu ahesabiwe kuwa amefika, na mwenye haki ya kuhesabu ni nani?

Mlima wenyewe hauna choyo. Una kimo cha mita 2,243, na kileleni kuna alama katika mwamba iliyo mfano wa unyayo. Wabuddha wanasema ni unyayo wa Buddha, Wahindu wanasema ni wa Shiva, Waislamu wanasema ni wa Nabii Adamu aliposhushwa kutoka peponi, na Wakristo wengine wameuita wa Adamu, wengine wa Mtakatifu Tomaso. Kwa upande wa Nallathanniya, katikati ya mashamba ya chai, ngazi zinakaribia 5,500. Watu huanza kupanda usiku ili jua liwakute juu. Atakayepanda katika msimu ataona jambo ambalo halihitaji hoja: wanaopanda ni familia. Watoto wachanga wamelala mabegani, bibi vizee wameshikwa mkono huku na huku, vijana wamebeba mikoba ya shangazi zao. Kwa desturi kundi huongozwa na mzee aliyekwisha kupanda miaka ya nyuma. Kuna mahali njiani ambapo mahujaji hufungua uzi na kuuacha ukinyooka kandokando ya njia, kwa kumbukumbu ya masimulizi kwamba Buddha alishona joho lake hapo. Nyuzi za waliotangulia na waliofuata zinalala pamoja, na hakuna awezaye kusema huu wa nani.

Sasa ile pingamizi. Inasema safari ya roho ni ya mtu mmoja, familia huigeuza utalii, na ushahidi wake mkuu ni Buddha mwenyewe, aliyemwacha mke na mtoto mchanga usiku akaingia msituni. Inasemwa kwa kujiamini kiasi kwamba msikilizaji huona haya kuuliza: halafu ikawaje?

Halafu alirudi. Hicho ndicho kipande kinachorukwa kila mara. Aliondoka akiwa na miaka 29, akatafuta kwa miaka sita, na baada ya kuamka alikwenda Kapilavastu, mji wa baba yake, akaonana na watu wake. Mwanawe Rahula akaingia utawani. Babu wa mtoto, Mfalme Suddhodana, alilia kwamba amechukuliwa mwana na sasa anachukuliwa mjukuu, akaomba isiwe hivyo kwa wazazi wengine. Na Buddha akaweka kanuni kwamba asiingizwe mtu utawani bila ruhusa ya wazazi wake. Kanuni hiyo ingali katika sheria za watawa hadi leo. Mtu aliyeikimbia familia kwa kuiona takataka asingesikia kilio cha mzee huyo.

Mama mzazi wa Buddha, Maya, alifariki siku saba baada ya kumzaa, naye mtoto akalelewa na mama yake mdogo, Mahapajapati. Masimulizi yanasema Buddha alipanda mbinguni akakaa miezi mitatu akimfundisha mama aliyemzaa. Mahapajapati naye aliomba wanawake waruhusiwe utawa, akakataliwa mara tatu. Akanyoa nywele, akavaa joho, akatembea na wanawake wenzake hadi Vaishali alikokuwa Buddha, miguu imevimba, vumbi mwili mzima, akasimama mlangoni akilia. Ananda, binamu wa Buddha, ndiye aliyemtetea hadi mlango ukafunguliwa. Utawa wa wanawake ulipatikana kwa safari ya mguu ya mlezi kwenda kwa aliyemlea, na kwa maneno ya binamu. Mtu akiwaondoa jamaa katika habari hizi, zinabaki kurasa chache mno.

Tena kuhusu Sri Lanka hoja inazidi kuwa nzito, kwa kuwa dini hiyo iliingia kisiwani mikononi mwa ndugu. Kwa mujibu wa tarehe ya kale ya Wasinhala, Mahavamsa, aliyeileta katika karne ya 3 kabla ya Kristo ni Mahinda, mwana wa Mfalme Ashoka wa India. Kabla ya kuvuka alipita kwanza kumwona mama yake. Katika msafara wake alikuwamo Sumana, mtoto wa dada yake, na kijana mwingine wa ukoo wa mama yake. Walikutana na Mfalme Devanampiya Tissa katika mlima wa Mihintale, na wanawake wa kasri walipotaka utawa, Mahinda akampelekea habari dada yake Sanghamitta. Dada akaja na tawi la mti ambao Buddha aliamkia chini yake. Mti uliotokana na tawi hilo ungali hai Anuradhapura, na ndio mti mkongwe kuliko yote duniani miongoni mwa miti iliyopandwa kwa mkono na kupandwa kwake kukaandikwa. Jino la Buddha lililohifadhiwa Kandy nalo, masimulizi yanasema, lilifika katika karne ya 4 likiwa limefichwa katika nywele za Binti Mfalme Hemamala, aliyesafiri kwa kujigeuza umbo pamoja na mumewe Dantha. Mtoto wa kiume, mtoto wa kike, mpwa, mume na mke: hao ndio waliouleta Ubuddha na vitu vyake vitakatifu kisiwani. Na msimu wa kupanda Sri Pada hufunguliwa kwa mwezi mpevu wa Desemba, siku ambayo nchi nzima humkumbuka Sanghamitta, ukafungwa kwa mwezi mpevu wa Vesak, mwezi wa Mei. Anayesema jamaa hawana nafasi katika safari hii anasema hivyo katika msimu unaofunguliwa siku ya kumkumbuka dada aliyemfuata kaka yake.

Kijana wetu aliitegemea sana kambi yake ya siku kumi, basi na itazamwe. Aliyeieneza duniani ni S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Burma, mwenye mke na watoto. Mwalimu wake, U Ba Khin, hakuwa mtawa. Alikuwa mhasibu mkuu wa serikali ya Burma baada ya uhuru wa mwaka 1948. Goenka alikwenda India mwaka 1969 kwa sababu mama yake alikuwa mgonjwa, na katika kambi ya kwanza aliyoifundisha, mjini Bombay mwezi Julai mwaka huo, wazazi wake walikuwa miongoni mwa wanafunzi. Tafakuri ya kimya ambayo leo inatumiwa kumdharau Bibi ilivuka mpaka wa India ndani ya mzigo wa mtoto anayekwenda kumuuguza mama yake.

Zaidi ya hayo, aliyekaa kimya siku kumi alipikiwa na nani? Katika kambi hizo watu wa kujitolea huamka kabla ya alfajiri wakakata mboga, wakapika, wakafagia, ili wengine wafumbe macho. Watawa wa Sri Lanka wanaofuata kanuni hawapiki wala hawali chakula kigumu baada ya adhuhuri. Familia za kijiji hupokezana zamu za kuwapelekea chakula. Mwanamke mmoja akisahau zamu yake, upweke wa mtawa unakuwa njaa. Haiwezekani kuisifu tafakuri ya mtu mmoja kana kwamba imejiotea, na huku wali wake umechotwa katika sufuria ya mtu mwingine.

Pingamizi hii ina sura moja yenye heshima zaidi, na ni haki kuitaja: kwamba mbele ya familia mtu hubaki katika cheo chake, mama anabaki mama na mkwe anabaki mkwe, ilhali hija inataka mtu aviweke vyeo chini. Wapo wanaotegemeza hoja hii kwenye utenzi wa kale unaomsifu mtawa aendaye peke yake na kumfananisha na kifaru. Lakini utenzi huohuo unamruhusu aliyepata mwenzi mwema na mwenye busara afuatane naye. Na Ananda alipowahi kusema urafiki mwema ni nusu ya maisha matakatifu, alijibiwa kwamba ni maisha hayo yote. Tena, Ubuddha unafundisha kwamba yanayomtesa binadamu ni tamaa, chuki na ujinga. Je, huonekana wapi waziwazi? Mtu mwenye miguu mizima akipanda peke yake anaweza kufika kileleni asikutane na hasira yake hata mara moja. Baba anayepanda saa tisa za usiku, mtoto anataka kubebwa, mkwe anataka kupumzika na mke anauliza tochi iko wapi, hukutana nayo kila ngazi kumi. Kama kazi ni kuitazama hasira ikizaliwa na kuiacha ipite, mazoezi ya baba huyo ni mengi kuliko ya yule mwenye nafasi.

Na kuhusu ugumu, kwamba Bibi alishindwa na mlima hivyo hakulipa gharama: Buddha aliijaribu gharama hiyo. Alijinyima chakula mpaka mbavu zikahesabika, akagundua kwamba njia hiyo haimfikishi, akapokea wali wa maziwa kutoka kwa mwanamke aitwaye Sujata. Wenzake watano waliokuwa wakijitesa pamoja naye walimwona amelegea, wakamwacha. Hukumu ya "hujafika kwa sababu hukuumia vya kutosha" ilitolewa kwanza juu yake.

Hapa hoja inaomba ruhusa ya kupita njia ya pembeni, maana mlima huu una habari ambayo msomaji wa pwani hapaswi kunyimwa. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa, akasifu uchaji wa watu wake. Miaka 13 baadaye, mwaka 1344, alitokea visiwa vya Maldivi akatua Sri Lanka, katika himaya ya mfalme wa Jaffna aliyefahamu Kiajemi. Mfalme akamuuliza anataka nini. Akajibu kwamba tangu afike hana haja nyingine ila kuuzuru unyayo wa Adamu. Basi mfalme asiye Mwislamu akampa machela na wachukuzi wake, akampa na watu wa kufuatana naye mlimani: yogi wanne waliozoea kuuzuru unyayo kila mwaka, Wabrahmani watatu, watu kumi wa kasri na kumi na watano wa kubeba chakula. Alikwenda na msafara wa watu zaidi ya 30 wa dini nyingine. Hakuna aliyemwambia kwamba hija yake imeharibika kwa wingi wa watu.

Juu ya mwamba alikuta minyororo kumi ya chuma iliyofungwa ili mahujaji waishike. Wa kumi uliitwa mnyororo wa shahada, kwa kuwa mtu akiufikia na kutazama chini hushikwa na hofu ya kuanguka, akatamka shahada. Marco Polo naye, kabla yake, alitaja minyororo hiyo. Kuna watu waliopanda na vyuma mgongoni, wakatoboa jiwe ili wasiowajua wapate pa kushika. Na karne mbili na zaidi kabla ya Ibn Battuta, Mfalme Vijayabahu wa Kwanza, aliyetawala tangu 1055 hadi 1110, alitenga kijiji ili mapato yake yawahudumie mahujaji waendao mlimani. Ngazi za leo, taa zake na vibanda vyake vya chai ni mwendelezo wa mkono huohuo.

Lakini kubwa zaidi ni habari ya njia mbili. Ibn Battuta anaandika kwamba mlima ulikuwa na njia ya Baba na njia ya Mama, kwa maana ya Adamu na Hawa. Njia ya Mama ilikuwa nyepesi, na ndiyo mahujaji waliyorudia. Aliyepanda kwa njia hiyo walimhesabu kuwa hakuhiji kabisa. Kijana wa Dar es Salaam hakuibuni hukumu yake, basi. Karibu karne saba zilizopita ilikuwa tayari imeketi pale mlimani, na tayari ilikuwa imekwisha kuamua kwamba njia ya Baba ndiyo ibada na njia ya Mama ni mteremko wa kwenda nyumbani. Inauma kusoma. Wote waliopanda kwa Baba waliteremka kwa Mama, kwa sababu miguu ilikuwa imechoka na ile ndiyo njia iliyowahurumia, na bado haikupewa hata sehemu ya thawabu.

Lakini si kila mgeni wa kisiwa alihesabu hivyo. Kusini, mjini Galle, mwaka 1911 liligunduliwa jiwe lililochongwa mwaka 1409 kwa ajili ya msafara wa Zheng He, mwanamaji wa China aliyezaliwa Mwislamu, ambaye baadaye merikebu zake zilifika Malindi. Lina maandishi ya lugha tatu. Kwa Kichina linamtolea Buddha sadaka, kwa Kitamil linamtolea mungu wa Kihindu wa Tenavarai, kwa Kiajemi linamtukuza Mungu wa Waislamu, na dhahabu, fedha, hariri na mafuta yaliyoorodheshwa karibu yanalingana. Leo liko katika Jumba la Makumbusho la Taifa, Colombo. Wageni wale walitaka wahesabiwe na kila mwenye nyumba, na hawakuona kwamba heshima kwa mmoja inapunguza heshima kwa mwingine.

Tukirudi kwa Bibi, swali la kufika lina upande wa mafundisho, na hapo mambo si mepesi. Ubuddha wa Sri Lanka unasisitiza kwamba kila mtu ni mrithi wa matendo yake, na hakuna amtakasaye mwenzake. Papo hapo, familia ile ilipokwisha kuwalisha watawa, wote walishika birika moja, wakamimina maji katika kikombe mpaka yakafurika, watawa wakisoma, na thawabu ikaelekezwa kwa marehemu. Desturi hiyo inahusishwa na masimulizi ya Mfalme Bimbisara, ambaye jamaa zake waliokufa walikuwa wakilia njaa mpaka alipotoa sadaka kwa jina lao. Thawabu inawezaje kuhama, ikiwa kila mtu huvuna alichopanda? Jibu la walimu wengi ni kwamba haihami kama kifurushi cha posta. Marehemu akijua kwamba jema limetendwa kwa ajili yake hufurahi, na furaha hiyo kwa wema wa mwingine ni tendo jema la kwake mwenyewe. Wasomaji wanaosoma hitima, au waliowahi kumpeleka mtu Makka akahiji kwa niaba ya mzazi aliyekufa au asiyeweza kusafiri, hawatalistaajabia jambo hili.

Likitumiwa jibu hilo, Bibi aliyekaa kibandani akiwatazama wajukuu wakipotea katika taa za mlimani, akafurahi kwamba wanakwenda, alitenda lake. Hakuna haja ya kumwonea huruma wala kumpa cheti cha faraja. Alifanya kitu ambacho dini yake inakihesabu.

Ila hoja hiyo ikisukumwa hatua moja inaleta taabu. Kama kufurahia kunatosha, kwa nini basi apande yeyote? Bibi angefurahi akiwa Dar es Salaam, nauli ikabaki benki, magoti yakapona. Mtu anaweza kujibu kwamba furaha ya pale, kwenye baridi, ina gharama ambayo furaha ya barazani haina. Lakini hapo gharama imerudishwa kuwa kipimo, na yule kijana atapiga makofi. Au ajibu kwamba mwili lazima uwe mahali fulani ili moyo uelekee, kama vile saa'i ya Safa na Marwa huko Makka inavyotaka miguu irudie mbio za Bi Hajar aliyemtafutia mwanawe maji. Hili lina nguvu zaidi. Mama mwenye mtoto mwenye kiu ndiye aliyeiacha ibada hiyo, na mahujaji wote wanamfuata. Hata hivyo halimwambii mtu ni wapi katika ngazi 5,500 palipo pale panapotosha. Bibi alijua mwenyewe. Pengine hilo ndilo pekee linaloweza kusemwa, na si jibu la mwanafalsafa.

Yako mapingamizi mengine yenye haki. Wapo wanaosema kwamba kuiita Sri Lanka nchi ya Kibuddha, kama katiba yake ya mwaka 1978 inavyoipa dini hiyo nafasi ya mbele, ni kufumbia macho yaliyotendwa kwa jina hilo, ikiwemo amri ya mwaka 2020 iliyolazimisha Waislamu waliokufa kwa Uviko kuchomwa moto hadi ilipoondolewa mwanzoni mwa 2021. Ni kweli, na hujaji hana ruhusa ya kutojua. Wapo wanaosema tiketi za ndege kwa watu watano ni anasa ya wachache, kweli tena. Wapo wanaosema mtoto hakuulizwa kama anataka kupanda. Nalo ni kweli.

Pingamizi iliyo ngumu kuliko zote haikutoka mdomoni mwa yule kijana. Mke wa mwenyeji, yule mama wa nyumba, aliulizwa baadaye alihisi nini kileleni. Alisema hakumbuki. Alikuwa akimfunga mtoto sweta, akihesabu mifuko, akiwaza kama Bibi kule chini amepata chai ya moto. Wengine waliuinamia unyayo; yeye alisimama akiangalia viatu vyao. Makala haya yamesema kwa ujasiri kwamba kuwabeba wengine ni mazoezi ya roho, na hapa sentensi hiyo inakaa vibaya, kwa sababu ni rahisi sana kuwa imeandikwa na yule ambaye viatu vyake viliangaliwa.

Shaka hiyo ina hadithi yake. Hadithi ipendwayo kuliko nyingi katika kisiwa kile, inayosimuliwa hata kwenye misiba, ni ya Vessantara, maisha ya mwisho ya kibinadamu ya Buddha kabla ya yale aliyoamka, alipoukamilisha ukarimu. Mwana mfalme huyo, akiwa uhamishoni msituni, alimpa mwombaji watoto wake wawili, Jali na Kanhajina. Mkewe Maddi hakuwapo. Alikuwa ameingia msituni kutafuta matunda ya kuwalisha wote. Aliporudi akawatafuta usiku kucha kabla ya kuambiwa walikokwenda. Hatimaye babu yao aliwakomboa, wote wakakutana tena. Masimulizi yanasema Maddi alipoambiwa aliridhia, akaifurahia zawadi ya mumewe, na kwa kanuni ileile iliyomtetea Bibi, furaha hiyo ni thawabu yake. Wanafunzi wa Ubuddha wamebishana juu ya hadithi hii kwa vizazi, kama ni kilele cha ukarimu au ni jeraha lililopewa jina zuri. Maddi aliridhia baada ya jambo kwisha kutendwa, naye alikuwa amechoka kwa usiku mzima wa kutafuta.